Kona ya Neno: Fedha, na riale mbili za Bibi

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alituuliza swali chai ikiwa mezani: "Mshindi wa pili kwenye Olimpiki anapewa medali ya fedha. Basi wa kwanza, mbona hapewi hata hela?" Tulicheka wote, na mwalimu aliyekuwa karibu alicheka zaidi yetu. Lakini swali lilibaki pale mezani baada ya vikombe kuoshwa. Kwa nini Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini meupe yanayong'aa na kwa kile kinachosimamiwa na Wizara ya Fedha?

Kwa kawaida kona hii huchukua neno moja, tukalifuata lilikotoka, tukamaliza ukurasa wetu. Safari hii neno limetuingiza katika habari ya familia ya mwanachama mwenzetu, na ametukubalia tuiandike bila kumtaja jina.

Tuanze na neno. Fedha limetoka Kiarabu, fidda, yaani yale madini. Majina mengine ya pesa nayo yamekuja na watu waliozileta. Pesa ni paisa ya Bara Hindi. Hela ni Heller ya Wajerumani, ambao mwaka 1904 waliigawa rupia yao ya Afrika Mashariki kuwa hela 100 badala ya pesa 64. Shilingi na senti zilikuja na Waingereza. Sumuni, ambayo wenzetu wa Kenya waliiita senti 50, ni thumuni, sehemu ya nane ya riale. Sarafu inatokana na mzizi wa Kiarabu wa kubadilisha fedha, kazi ya wale waliokaa sokoni na mizani zao. Kati ya majina yote hayo, ni fedha peke yake linalotaja kitu chenyewe kilichomo ndani ya sarafu. Kwa watu wa pwani kwa muda mrefu hapakuwa na tofauti kubwa: aliyekuwa na fedha mkononi alikuwa na fedha.

Na hilo si jambo la jana. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, waakiolojia walichimbua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zilizopigwa kwa majina ya watawala wa pwani wenyewe. Pamoja nazo zilikuwemo dinari chache za dhahabu, na ile ya mwisho yenye tarehe ni ya mwaka 1066. Kwa hiyo zaidi ya miaka 900 iliyopita kulikuwa na watu Pemba waliopiga fedha yao na kuandika majina yao juu yake.

Sasa tuje Scarborough.

Mwanachama wetu alifiwa na bibi yake mwaka jana. Bibi alizaliwa Unguja, akapita Muscat, akamalizia uzee wake katika fleti ya ghorofa ya 11 hapa Toronto. Katika kisanduku chake cha udi walikuta riale mbili za Maria Theresa, zimefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Wajukuu wa kike ni wawili pia: mwenzetu, na binamu yake anayekaa Mississauga. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, aliamua jambo lililoonekana rahisi: riale moja kwa kila mmoja, na kura ipigwe siku ya hitima.

Kabla ya siku hiyo mwenzetu alizipeleka kwenye duka moja la sarafu katikati ya mji ili ajue zina thamani gani. Muuzaji alizitazama kwa muda wa kunywa funda moja la kahawa. Hakuzipima. Akasema zote ni nakala za baadaye, akataja bei moja ndogo kwa zote mbili pamoja. Mwenzetu alimshukuru, akazirudisha mkobani, akaja kwetu. Alitueleza hivi: "Akisema ni nakala, ina maana Bibi alidanganywa. Na kama moja ni ya kweli na nyingine si ya kweli, basi kura yetu ni ya udanganyifu."

Waliotutangulia walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Anayetaka kununua si mtu wa kumuuliza kitu kina thamani gani. Tuliamua kujaribu wenyewe.

Kwanza ilibidi tujue riale hii ni nini. Maria Theresa alikuwa malkia wa Hungaria na mke wa mfalme mkuu wa Dola Takatifu la Roma, na makao yake yalikuwa Vienna. Alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Sarafu yake kubwa ya fedha ilikuwa imeshapendwa mno katika masoko ya Uturuki, Uarabuni na Bahari ya Shamu, kiasi kwamba wafanyabiashara hawakutaka nyingine. Basi viwanda vikaendelea kuipiga bila kubadilisha sura wala mwaka. Kila riale ya aina hii, iwe ilipigwa mwaka 1850, 1936 au mwaka jana, imeandikwa 1780. Imepigwa Vienna, Prague, Milan, Venice, na baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Jumla yake inapita milioni 300. Mussolini alipojiandaa kuivamia Ethiopia alipata kutoka Austria mihuri ya kuipigia huko Rome, na Waingereza, kwa kuogopa kukosa riale za biashara yao, wakaanza kuzipiga wenyewe London mwaka 1936. Vienna bado inazipiga hadi leo.

Pwani yetu ilizijua sana. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinataja reale ya Shamu, ambayo ndiyo hii, na reale ya mzinga, ambayo ni ile ya Wahispania. Nguzo mbili zilizochorwa juu ya sarafu ya Hispania zilionekana kwa watu wa Unguja kama mizinga. Sultani Barghash naye alitoa riale yake ya fedha yenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, lakini hazikuwa nyingi na leo ni adimu. Ya yule mama wa Vienna ndiyo iliyotembea. Huko Oman iliendelea kutumika hadi mwaka 1970.

Kwa hiyo muuzaji alisema kweli, ila kweli isiyosaidia kitu. Kusema riale ya 1780 ni "nakala ya baadaye" ni kama kusema mtu amezaliwa baada ya babu yake. Karibu zote ni za baadaye. Swali la watu wa sokoni halikuwa imepigwa lini, bali ina fedha kiasi gani. Na kuhusu hilo viwanda vyote hivyo vilikuwa waaminifu. Uzito ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Fedha safi iliyomo ni gramu 23.4, robo tatu ya aunsi ya masonara.

Watu wa soko hawakuwa na maabara, ila walikuwa na macho. Walihesabu lulu za pambo la begani mwa malkia, ambazo ni 9. Walitafuta herufi S.F. chini ya kifua chake, alama za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby. Walipitisha kidole ukingoni, ambako yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Maandishi ya ukingoni yalikuwa na kazi yake: mtu akikwangua fedha pembeni ili aibe kidogo kidogo, maandishi huharibika na kila mtu anaona. Tena walizisikiliza. Riale nzuri ikiangushwa juu ya jiwe hulia kwa sauti ndefu, na mbaya hukohoa.

Tulikutana Jumamosi katika chumba chetu cha kawaida. Mwalimu mmoja alituazima mizani ya masonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na dola moja ya Kanada ya mwaka 1967, ile yenye bata bukini anayeruka iliyochorwa na Alex Colville kwa ajili ya miaka 100 ya nchi hii. Dola hiyo tulijua kwa hakika kuwa ina fedha sehemu 800 kwa 1,000, kwa hiyo tuliifanya shahidi wa mizani yetu.

Njia ni ya kale na haihitaji kemikali. Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja, namba hiyo ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo, utapata densiti. Fedha safi ni 10.5 hivi, na shaba nyekundu ni 8.96. Fedha ya riale, ukichanganya hesabu za madini yote mawili, inatakiwa kuwa karibu na 10.2.

Dola ya bata bukini: gramu 23.31 ikiwa kavu, 2.30 ndani ya maji. Jibu ni 10.13, nayo ilitakiwa kuwa 10.14. Mizani ilikuwa ya kuaminika.

Riale ya kwanza: gramu 27.61. Imechakaa, na juu yake kuna alama ya kishikio kilichowahi kuunganishwa ili ivaliwe kama mkufu. Ndani ya maji ilisoma 2.71. Jibu, 10.19.

Kulikuwa na kelele kidogo chumbani. Kisha tukafunga uzi kwenye ya pili.

Riale ya pili: gramu 24.30. Ndani ya maji, 2.86. Jibu, 8.50. Hiyo si fedha, hata ikibembelezwa. Ni densiti ya shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki, iliyopakwa fedha juu. Tulipoitazama tena kwa lenzi, tuliona tuliyotakiwa kuyaona mwanzo: uso wenye vitundu vidogo kama wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri, maandishi ya ukingoni yaliyolegea, na lulu za begani zilizoungana hadi hazihesabiki. Densiti peke yake si hakimu wa mwisho, kwa sababu fundi mjanja anaweza kuchanganya madini mengine akaifikia namba hiyo. Lakini uzito, densiti, ukingo na lulu vikisema jambo moja, hakuna haja ya rufaa.

Mwenzetu hakusema kitu kwa muda. Halafu aliuliza: "Sasa nimwambie Shangazi au ninyamaze?"

Tutamrudia. Kwanza tumalize habari ya fedha yenyewe, kwa sababu tulipokuwa tumeshika mizani mmoja wetu alitoa mfukoni shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi za Mfalme George wa Tano, yenye simba aliyesimama mbele ya milima, na akaitia majini kwa mzaha. Ndipo tulipoona kwamba kuna udanganyifu mwingine, mkubwa na halali.

Rupia ya India, ambayo ilitumika pwani na bara kabla na baada ya ukoloni kuingia, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na fedha sehemu 917 kwa 1,000. Rupia ya Wajerumani ililingana nayo. Fedha safi ndani yake ilikuwa gramu 10.7. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda sana, na rupia, iliyokuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Uingereza, ikapanda nayo hadi kupita shilingi mbili. Serikali ya kikoloni ikaifunga kwenye shilingi mbili, na mwaka 1920 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ikaleta florini badala yake. Florini ilikuwa na uzito ule ule wa rupia, lakini fedha yake ilikuwa sehemu 500 tu. Mwaka uliofuata ikaja shilingi, mbili kwa florini moja, yenye fedha sehemu 250. Unguja na Pemba ziliingia katika shilingi hiyo mwaka 1936.

Fanya hesabu kwa thamani ile ile moja. Katika rupia moja mkulima alishika gramu 10.7 za fedha. Katika florini moja, 5.8. Katika shilingi mbili, 3.9. Na shilingi zilizopigwa kuanzia 1948 zilikuwa shaba na nikeli, fedha sifuri. Katika muda wa chini ya miaka 30 fedha ilitoka ndani ya fedha, na jina likabaki. Nchi zetu zilipotoa sarafu zao mwaka 1966, hakuna aliyetarajia kukuta fedha ndani ya shilingi, na hakuna aliyelibadilisha neno.

Wenzetu waliozaliwa hapa wasidhani haya ni ya kwetu tu. Kanada imepita njia hiyo hiyo. Sarafu zake za fedha zilikuwa na sehemu 925 kwa 1,000 hadi mwaka 1919. Kuanzia 1920, kwa sababu ile ile ya bei ya fedha, zikawa 800. Mwaka 1967 senti 10 na senti 25 zilianza kupigwa kwa sehemu 500, na Agosti 1968 zikageuka nikeli tupu. Leo ni chuma cha pua kilichopakwa madini mengine. Kwa hiyo ukipata senti 25 ya mwaka 1968, sumaku itakuambia: ikinasa ni nikeli, isiponasa ni fedha nusu. Zile za 1967 zenye paka-mwitu ni ngumu zaidi, kwa sababu za 800 na za 500 zina sura moja. Hapo uzi na glasi ya maji ndivyo vinavyojua: ya 800 hutoa 10.1, ya 500 hutoa 9.7 hivi.

Basi sarafu ya kweli ni ipi? Tulibishana juu ya hili hadi mlinzi wa jengo alipokuja kutuonyesha saa.

Upande mmoja walisema ukweli wa sarafu uko ndani, katika madini. Kwa hao riale ya 1780 iliyopigwa Bombay mwaka 1940 ni ya kweli, ingawa mwaka wake ni wa uongo, Bombay haitajwi popote juu yake, na malkia hakuwahi kuiona. Na shilingi ya 1948 ni ahadi tu.

Upande wa pili walisema ukweli uko nje, kwa mwenye mamlaka ya kuitoa. Walitoa mfano wa karibu. Mwaka 2022 polisi wa RCMP walitangaza kwamba wamekamata sarafu bandia za dola mbili zipatazo 10,000, na mtu mmoja wa Richmond Hill, kaskazini tu ya hapa, akashtakiwa. Bandia hizo zilijulikana kwa kasoro moja ya kuchekesha: mguu wa mbele wa dubu umepasuka kidoleni kama kwato ya ngamia. Dola mbili halisi haina fedha hata chembe, na bandia haina pia. Ukizipima kwa madini hutapata la maana la kugombania. Hata hivyo moja ni pesa na nyingine ni kosa la jinai.

Kisha mmoja akaleta mfano uliochanganya pande zote mbili. Tangu mwaka 2004 zinapigwa Ujerumani, kwa jina la Somalia, sarafu za fedha za aunsi moja zenye tembo, na juu yake imeandikwa thamani kwa shilingi. Madini ni ya kweli kabisa, na jina la nchi lipo. Lakini hakuna anayenunulia chai Mogadishu kwa sarafu hiyo. Vivyo hivyo Tanzania mwaka 1974 ilitoa shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru mweusi, za fedha, kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama, na wengi wa wazazi wetu hawakuwahi kuzigusa. Ni za kweli kwa madini na kwa sheria, lakini sokoni hazijulikani.

Hatukupata mshindi, ila tulikubaliana hivi: sarafu huulizwa maswali matatu. Ina nini ndani? Nani ameitoa? Nani ataipokea? Riale ilijibu la kwanza vizuri hata likatosheleza yote mengine. Dola mbili ya Kanada inajibu la pili na la tatu, la kwanza haliulizwi. Riale ya pili ya Bibi haikujibu hata moja.

Au labda ilijibu la tatu. Maana Bibi aliipokea, akaihifadhi.

Kwa wasomaji wenye visanduku kama hivyo nyumbani, haya ndiyo tuliyojifunza. Usiisafishe sarafu ya zamani kwa dawa ya meno, ndimu wala majivu. Weusi wake hauli kitu, lakini mkwaruzo hautoki tena, na mkusanyaji atapunguza bei. Pima uzito kwanza, kisha jaribu sumaku: fedha hainaswi, lakini shaba nayo hainaswi, kwa hiyo sumaku hufukuza bandia za chuma tu. Tazama ukingo kabla ya uso, kwa sababu waghushi wengi huchokea hapo. Ukitaka uhakika bila kukwaruza, baadhi ya masonara wana mashine ya eksirei inayosoma madini ya juu, ila kumbuka kwamba inaweza kusoma kile kilichopakwa tu. Uliza watu wawili, na angalau mmoja awe hana haja ya kununua. Na usikubali kuyeyusha senti 25 za zamani za Kanada kwa ajili ya fedha yake. Sheria ya Sarafu ya nchi hii inakataza kuyeyusha sarafu halali bila kibali.

Turudi Scarborough.

Mwenzetu alimwambia Shangazi. Alimwambia mbele ya binamu yake, kabla ya kura, na alichukua karatasi yetu ya hesabu. Anasema Shangazi aliziomba zote mbili, akazishika moja kila mkono kwa muda mrefu, kana kwamba anataka mikono yake iseme tofauti na mizani. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: ni nani aliyempa mama yake ile ya shaba? Huenda ni sonara aliyechukua ya kweli na kurudisha hii. Huenda ni mtu aliyempa kama pambo tu, bila nia mbaya, maana mafundi wengi walimimina nakala za kutengenezea mikufu na hawakumwambia mtu kuwa ni riale. Huenda Bibi alijua tangu mwanzo. Aliyejua amezikwa.

Kura haikupigwa. Binamu alisema hawezi kufurahia kushinda namna hiyo, na mwenzetu alisema hata yeye. Wamekubaliana kwamba riale ya fedha itakaa kwa Shangazi, isiuzwe bila wajukuu wote wawili kukubali. Ile ya shaba itakaa nayo pamoja, ndani ya kitambaa kile kile, kwa sababu nayo ni ya Bibi. Lakini itawekewa karatasi yenye tarehe, uzito wake, na maneno yanayosema ni shaba, ili mtoto atakayekifungua kisanduku hicho miaka 50 ijayo asiende kusimama dukani akidanganywa, wala yeye asimdanganye mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi imeandikwa kwa Kiswahili. Sisi tuliombwa kazi moja tu, kusahihisha tahajia, na tulipata kosa moja: alikuwa ameandika "fetha", kama Bibi alivyokuwa akitamka. Tulilizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Kisha tukalifuta duara, tukaliacha neno kama lilivyo.

Msamiati wa toleo hili
Bandia: kitu kilichotengenezwa kufanana na kingine ili kichukuliwe kuwa ndicho.
Kalibu: kitu chenye umbo ambamo madini yaliyoyeyushwa humiminwa.
Sonara: fundi wa dhahabu na fedha.
Hitima: kisomo cha kumwombea aliyefariki.

Swali la kwenda nalo nyumbani: kwenu pesa huitwa nani, na jina hilo lilikuja na nani? Leteni majibu kwenye kikao kijacho. Mizani tutakuwa nayo.